Vienna au Praha: mji upi wa kuzurura kwa miguu mwezi Oktoba?

Nianze na jibu, maana najua kuna watakaosoma aya mbili na kufunga. Kama unataka siku ya polepole, utembee, ukae, unywe kitu cha moto kisha uinuke tena bila haraka, nenda Vienna. Kama unataka mji wa kukushangaza kila ukikata kona, magoti yako ni mazima, na unaweza kuwa nje kabla ya saa 2 asubuhi, nenda Praha.

Miji hii miwili hushindanishwa kila mara kwa sababu ni majirani. Treni ya moja kwa moja huchukua takriban saa nne, viza ya Schengen ni ileile, na kwa karne nyingi yote ilikuwa chini ya ukoo mmoja wa watawala, Habsburg. Kwenye picha utadhani ni ndugu: minara, sanamu, majumba ya rangi ya krimu. Ukianza kutembea ndipo unapoona kwamba kila mmoja una tabia yake, na kwamba anayefurahia mmoja anaweza kuchoshwa na mwingine.

Jua na baridi

Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili kwa kumi na mbili mwaka mzima tunasahau kupiga hesabu ya mwanga. Katikati ya Oktoba jua huchomoza kwenye saa 1 na robo asubuhi na kuzama saa 12 na dakika chache jioni, na miji hii miwili hupishana kwa dakika tu. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na tangu hapo jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Anayekuja Novemba, akanywa chai yake taratibu na kutoka hotelini saa 5 asubuhi, ana saa tano na ushee tu kabla ya giza. Wanaoswali nao wajipange, maana Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinakuwa zimesogeleana mno.

Kwa baridi, mchana wa Oktoba Vienna hufika nyuzi 15 hivi na Praha pungufu kidogo. Usiku kote hushuka chini ya 10. Mtu wa Limuru au Makete hatashtuka. Wa Tanga avae koti, na awe na kitu cha ziada kichwani akienda Vienna, kwa sababu upepo wa Vienna haubishi hodi. Praha ina ukungu wa mtoni asubuhi, ambao ni baridi lakini ndio unaoupendezesha mji.

Hapa simpi mmoja ushindi. Giza la mapema halimsumbui aliyeko Vienna, kwa sababu nitakazozisema nikifika kwenye mikahawa yake. Praha nayo, taa zikiwaka kando ya mto Vltava, inakuwa nzuri kuliko ilivyokuwa mchana.

Chini ya viatu

Hili watu hulipuuza, kisha ndilo linaloharibu siku. Katikati ya Praha njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya mraba, vyeupe na vyeusi na vyekundu, vimepangwa kwa michoro. Ni kazi ya mikono na inapendeza macho. Vikilowa vinateleza, na majani yaliyopukutika yakitanda juu yake vinateleza maradufu. Soli nyembamba itakufanya uhisi kila kijiwe kufikia mchana. Halafu kuna vilima: kutoka mtoni hadi kwenye kasri ni kupanda tu, upite barabara ya Nerudova au upite ngazi. Ukiwa na kigari cha mtoto, au mama mwenye shida ya nyonga, utakuwa umemtesa.

Vienna ya katikati ni tambarare. Mwaka 1857 Kaizari Franz Joseph aliamuru kuta za zamani za mji zibomolewe, na mahali pake ikajengwa barabara pana, Ringstrasse, iliyofunguliwa 1865. Ina urefu wa kilomita tano na kidogo, ina safu za miti na tramu zinazopita siku nzima. Faida yake kwa mgeni ni kwamba hupotei. Shika njia yoyote kutoka katikati, utaangukia Ring au mfereji wa Danube, na ukichoka unapanda tramu na kuendelea kutazama mji kupitia dirishani.

Praha: asubuhi ndiyo yenyewe

Daraja la Charles lilianza kujengwa mwaka 1357, baada ya mafuriko ya 1342 kulibomoa lililotangulia. Lina urefu wa mita 516 na sanamu 30. Ukifika saa 4 asubuhi utalivuka kwa kusukumana, huku fimbo za selfi zikipita puani. Ukifika saa 1 na nusu utakuwa na wapiga picha wachache, wanaokimbia mazoezi, na pengine bibi harusi mmoja anayetetemeka kwa baridi huku akiambiwa atabasamu. Na uzuri wa Oktoba ni kwamba jua linachelewa. Hiyo alfajiri ya Praha inayosifiwa ni saa ambayo Dar watu wamekwisha kupanga foleni ya mwendokasi.

Ukiwa hapo darajani tafuta sanamu ya Mtakatifu Francis Xavier. Ni kundi zima: mtakatifu yuko juu, na chini yake wamechongwa watu wa mataifa mbalimbali, Mwafrika akiwa mmoja wao. Aliyeichonga ni Ferdinand Brokoff, mwaka 1711. Mafuriko ya 1890 yaliiangusha mtoni, kwa hiyo unayoiona leo ni nakala. Watalii wengi huipita wakikimbilia sanamu ya Mtakatifu John wa Nepomuk, wanayoishika kwa ajili ya bahati. Mtu wa pwani ya kwetu ana sababu ya kusimama kwa Xavier. Huyu padri alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na kanisa dogo la Wareno linalohusishwa na ziara yake bado lipo Malindi. Kukutana naye tena juu ya mto wa Ucheki, kwenye baridi, ni jambo ambalo Vienna haina la kulifananisha.

Brokoff huyo huyo utakutana naye tena baada ya dakika kumi za kutembea. Namba 5 ya barabara ya Nerudova ni Jumba la Morzin, ambalo siku hizi ni ubalozi wa Romania. Roshani yake imebebwa mabegani na Waafrika wawili wa mawe. Linanivutia na kunikera kwa pamoja: kazi ya mikono ni ya hali ya juu, na watu wetu wako palepale wanapopangwa siku zote, chini ya mzigo.

Endelea kupanda. Nerudova ni barabara ya kwenda nayo taratibu, si kwa sababu ya mlima peke yake. Kabla nyumba za Praha hazijapewa namba, mwaka 1770, kila moja ilitambulika kwa alama juu ya mlango, na nyingi bado zipo: jua mbili, fidla tatu, ufunguo wa dhahabu. Mkiwa na watoto wapeni kazi ya kuzitafuta, mlima utaisha bila malalamiko.

Juu ni Kasri la Praha, eneo kubwa lenye viwanja, makanisa na majumba. Viwanjani unaingia bure. Ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus, lililoanza kujengwa 1344 na kukamilika 1929, unahitaji tiketi, na Jumapili asubuhi ni ibada, watalii wanasubiri. Kama foleni imefika uwanjani, mimi ningeiacha. Siku ya kuzurura haiishii kwenye foleni. Tokea upande wa kaskazini, fuata bustani hadi Letná, kilima chenye miti mingi ambacho mwezi Oktoba hugeuka njano chote. Hapo ndipo ilipokuwa sanamu kubwa kupindukia ya Stalin, iliyosimamishwa 1955 na kulipuliwa 1962. Leo kwenye msingi wake kuna metronomu kubwa, yaani chombo cha kupimia mapigo ya muziki, iliyowekwa 1991, na vijana wa ubao wa magurudumu. Ukisimama pale unaona madaraja ya Vltava yamepangana moja baada ya jingine. Kwangu mandhari hii ndiyo bora kuliko zote za Praha, na hailipiwi.

Kinachobaki ni Uwanja wa Mji Mkongwe, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Saa ya kinajimu ya mwaka 1410 ni ya ajabu kweli kwa ufundi wake, lakini mamia ya watu hujazana chini yake kila saa kusubiri vinyago vizunguke kwa muda usiofika dakika moja. Hatua chache kutoka hapo, sakafuni, kuna misalaba 27 ya mawe meupe kwa ajili ya watu 27 walionyongwa au kukatwa vichwa hapohapo tarehe 21 Juni 1621, baada ya uasi dhidi ya Habsburg. Umati unasimama juu ya misalaba hiyo, shingo zimeinuliwa kwenye saa, na hakuna anayetazama chini.

Kufikia saa 6 mchana Praha imekwisha kukupa vitu vyake vya thamani. Baada ya hapo katikati ya mji panakuwa na watu wengi mno kwa mtu anayetaka utulivu, na inabidi uwe na mpango wa kukimbia: Letná, ngome kongwe ya Vyšehrad, au kisiwa cha Kampa upande wa chini.

Vienna: mji wa kukaa

Vienna haikudai uamke mapema. Toka saa 4, anzia Stephansdom, kanisa kuu lenye paa la vigae vya rangi na mnara wa mita 136. Kuna ngazi 343 za kupanda kwa anayetaka. Siku ya manyunyu usijisumbue. Pita Graben, penye nguzo ya ukumbusho wa tauni ya 1679, imejaa malaika na mawingu ya mawe. Ukifika Michaelerplatz utakuta shimo la wazi katikati ya uwanja, ndani yake mabaki ya makazi ya Warumi, na mbele ya lango la kifalme jengo la msanifu majengo Adolf Loos ambalo mnamo 1911 lilizua zogo kwa sababu tu madirisha yake hayakuwa na nakshi. Leo unalitazama na kujiuliza kelele zilikuwa za nini.

Kisha unaingia Hofburg, makao ya wafalme. Wengi huja kwa ajili ya farasi weupe. Mimi nakukumbusha jina moja: Angelo Soliman. Alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akafanywa mtumwa, akafika Vienna katika karne ya 18. Humo mjini akawa mtu wa heshima: aliitumikia nyumba ya mwanamfalme wa Liechtenstein, alijua lugha kadhaa, na akapokewa katika chama cha Wamasoni (Freemason) pamoja na wasomi wa wakati wake. Alipofariki Novemba 1796, Kaizari Francis aliagiza ngozi yake ichunwe, ijazwe, na awekwe kwenye maonyesho ya viumbe ya kifalme akiwa amevalishwa manyoya na shanga kama "mshenzi". Binti yake, Josephine, aliomba apewe mwili wa baba yake azike, akanyimwa. Mabaki hayo yaliungua kwenye vurugu za Oktoba 1848. Vitabu vingi vya watalii havimtaji. Ukivuka viwanja hivi vya mawe wakati wa vuli yao, mtaje.

Ng'ambo ya Heldenplatz, uwanja mpana wa Hofburg, kuna Volksgarten, bustani ya mawaridi. Oktoba ikiwa na jua bado utakuta maua ya mwisho mwisho. Ukichelewa hadi Novemba utakuta kila mti wa waridi umevikwa gunia na kufungwa kamba shingoni, safu kwa safu, ili baridi isiuue. Wengine husema bustani imekuwa mbaya. Mimi naona ni kichekesho kizuri, mamia ya magunia yamesimama kwa adabu mbele ya kasri.

Sasa mkahawa. Desturi ya mikahawa ya Vienna iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya taifa ya urithi chini ya utaratibu wa UNESCO, na ukikaa kwenye mmoja utajua kwa nini. Mhudumu aliyevaa suti nyeusi anakuletea sinia dogo linalong'aa. Juu yake kuna kikombe cha Melange, yaani kahawa na maziwa yenye povu, na pembeni bilauri ya maji, kijiko kimelazwa juu ya bilauri hiyo. Magazeti yamebanwa kwenye fremu za mbao na kutundikwa ukutani. Utalipa euro tano au sita, na utaona ni ghali hadi utakapogundua kwamba ulicholipia ni kiti. Hakuna atakayekufukuza. Unaweza kukaa saa mbili na kikombe kimoja, maji yakaongezwa, mvua ikaisha nje, ukaandika barua kama bado unaandika barua. Kosa la wageni ni kupanga foleni Café Central, ambao ni mzuri tangu 1876 lakini foleni yake inavunja maana yote ya kukaa mkahawani. Pita, ingia wowote wenye viti vya velveti vilivyochakaa.

Alasiri, ukiwa umepumzika, nenda Prater. Ni mwendo wa nusu saa kutoka katikati au vituo vitatu vya treni ya chini ya ardhi. Kaizari Josef II aliifungua kwa umma mwaka 1766. Kabla ya hapo palikuwa mahali pa wafalme kuwinda. Gurudumu kubwa la 1897 lipo mlangoni, lipande ukipenda. Mimi naenda kwa ajili ya Hauptallee, barabara iliyonyooka ya zaidi ya kilomita nne, haipiti magari, ina miti mikubwa pande zote mbili. Mwezi Oktoba majani yake yanaanguka hadi yanaficha lami.

Hapa ndipo Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, tarehe 12 Oktoba 2019. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa sababu ya wasindikizaji waliopokezana na gari lililomwongoza, lakini hakuna binadamu aliyewahi kufika chini ya saa mbili kabla yake. Tazama jinsi barabara ilivyo bapa na jinsi miti inavyokinga upepo, utaelewa kwa nini walimpeleka huko. Tembea hadi mwisho, kwenye jumba la Lusthaus, unywe chai, urudi. Itakuchukua zaidi ya muda aliotumia yeye kwa mbio nzima ukisimamasimama, na hilo ndilo lengo.

Tumbo na mfuko

Kwa chakula tofauti ni ya wazi kwa asiyekula nguruwe. Vyakula vya Praha vya kienyeji vimejaa nguruwe. Omba svíčková, nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi mzito wa krimu, ingawa haitakuwa ya halali. Vienna ina jamii kubwa ya Waturuki na wengineo, hivyo chakula cha halali hukitafuti sana. Uislamu umetambuliwa na sheria ya Austria tangu 1912. Kote utakuta maroni, kokwa za mti zinazochomwa kwenye mkaa na kuuzwa kwenye mfuko wa karatasi. Nunua hata kama huzipendi, zinapasha mikono. Msimu huu pia huuzwa mvinyo mchanga usiokomaa, Vienna ukiitwa Sturm na Praha burčák. Kwa wanywaji: una ladha ya juisi, unapiga kama mvinyo.

Praha ni nafuu, kwa kitanda na kwa mezani. Lakini inatumia koruna, na maduka ya kubadilishia fedha karibu na uwanja mkongwe yana sifa mbaya ya kuandika "hakuna kamisheni" huku kiwango chenyewe kikiwa cha kukunyonya. Lipa kwa kadi kadiri uwezavyo. Ukishaumizwa, jua kwamba tangu 2019 sheria ya Ucheki inakuruhusu kurudi ndani ya saa tatu na kufuta ubadilishaji usiozidi euro 1,000. Tunza risiti. Vienna ni euro, na maji ya bomba yanatoka milimani Alps, hakuna haja ya kununua chupa.

Tarehe za kuangalia

Vienna hufunga maduka Jumapili, vivyo hivyo tarehe 26 Oktoba, sikukuu yao ya taifa, na tarehe 1 Novemba. Mikahawa na bustani ziko wazi, kwa hiyo kwa mzururaji hiyo ni nafuu. Kwa mwenye orodha ya zawadi za nyumbani ni balaa. Jumamosi ndiyo siku ya soko la mitumba pale Naschmarkt. Praha maduka makubwa hufungwa tarehe 28 Oktoba, kumbukumbu ya kuundwa kwa Chekoslovakia 1918, na wiki hiyo mji hujaa watu wa ndani walio mapumzikoni.

Ukiwa na siku mbili, anza Praha na ulale chini ya kasri, mtaa wa Malá Strana, ili daraja ulipate mapema bila kupanda tramu. Shuka mlimani mchana, chukua mizigo, panda treni ya alasiri. Utafika Vienna usiku, na kesho yake hakuna sababu ya kutega kengele.